Kwa nini wanachanga harusi lakini hawachangi kalvati

Swali la msomaji: "Nimejenga Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na ninaishi hapa tangu 2018. Nimezaliwa Kagera, ambako msiba ukitokea kijiji kizima kinaweka jembe chini. Huku watu wana vipato vizuri kuliko kule kijijini. Lakini masika yalipokata njia yetu tukaitisha mchango wa kalvati, nyumba chache tu ndizo zilizotoa, na pesa iliyopatikana haikutosha hata saruji. Mwenyekiti wa mtaa anasema watu wa mjini ni wabinafsi. Nimesikia wataalamu mnaita jambo hili mtaji wa kijamii. Unatokana na nini hasa, hata sehemu moja uwepo na nyingine ukosekane? Na wapangaji, ambao ndio wengi, tuwafanyeje?"

Dada, nianze na mwenyekiti wenu, maana kauli yake nimeisikia katika mitaa mingi na naamini inatupoteza. Chukua nyumba yoyote kati ya zile ambazo hazikutoa kitu, kisha fikiria miamala ya simu ya mwenye nyumba hiyo kwa mwezi mmoja tu. Humo utakuta ahadi ya harusi ya mtoto wa mfanyakazi mwenzake, rambirambi iliyokwenda kijijini kwao, hisa za VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopeshana), mchango wa jumuiya au wa msikiti, ada ya mtoto wa marehemu kaka yake. Huyo ni mtu anayechanga karibu kila wiki. Asichokichangia ni mtaa anaolala. Kwa hiyo jambo la kujiuliza ni kwa nini mahusiano yake yote yenye nguvu yako nje ya mtaa.

Linganisha michango miwili. Kwenye kamati ya harusi unapewa kadi, jina lako linaandikwa, na mbele ya jina inawekwa ahadi uliyoitamka mwenyewe. Katibu anakupigia simu. Jumapili kuna kikao na orodha inasomwa: fulani aliahidi laki moja, amelipa elfu sitini. Tarehe ya shughuli haisogei. Mambo yakiisha, kamati inavunjwa kwa kikao maalumu, mapato na matumizi yanasomwa, na siku wewe ukiwa na shughuli yako, mwenye harusi ya leo anajua vizuri alichopokea kutoka kwako.

Sasa kalvati. Nadhani ilikwenda hivi, kwa sababu ndivyo inavyokwenda mahali pengi: ujumbe ulitumwa kwenye grupu la WhatsApp, ikatolewa namba ya simu ya mjumbe mmoja, watu wakaandika "tupo pamoja". Hakuna aliyejua jirani yake ametoa au hajatoa. Aliyetoa na asiyetoa wote wangepita juu ya kalvati lilelile. Na hakukuwa na kikao cha baadaye ambacho mtu angelazimika kutazamana na wenzake. Watu walewale, mifuko ileile, mwezi uleule. Kilichotofautiana ni jinsi jambo lilivyopangwa.

Mtaji wa kijamii ni jina la mambo matatu yanayokwenda pamoja: mahusiano waliyonayo watu, imani kwamba mwenzangu atatimiza upande wake, na desturi zinazombana asiyetimiza. Kosa ninalolikuta mara kwa mara, hata kwenye ripoti za miradi mikubwa, ni kudhani kwamba hayo lazima yawepo kwanza ndipo watu waweze kufanya kitu pamoja. Ninavyoona mimi, mara nyingi huanzia upande wa pili. Watu wanafanya jambo dogo, linakamilika, hesabu inaonekana, wanakutana tena kwa jambo la pili, na imani inajengeka humo njiani. Anayesubiri wakazi wapendane kwanza ndipo wajenge kalvati atapitiwa na masika mengi.

Na jambo hili lina thamani ya fedha kabisa. Mwaka 1995 ulifanyika utafiti katika vijiji vya Tanzania ambao Deepa Narayan na Lant Pritchett waliuchambua. Waliuliza watu wako kwenye vikundi gani na vikundi hivyo vikoje, kisha wakalinganisha na kipato. Vijiji vyenye maisha ya vikundi yaliyochangamka vilikuwa na kaya zenye kipato kikubwa zaidi, na ubora wa kijiji kizima ndio uliokuwa na uzito kuliko wa kaya mojamoja. Yaani hata mtu asiye kwenye kikundi chochote alinufaika kwa kuishi kijiji chenye vikundi hai. Sababu zake si za ajabu: habari za mbegu bora na mbolea zinasambaa upesi, mikopo inapatikana, na wazazi wanaokutana kwa mambo yao wanakuwa tayari na njia ya kufuatilia mambo ya shule.

Umeitaja Kagera, basi turudi huko, kwa sababu mkoa wako umefanyiwa kazi moja ninayoipenda sana. Karibu na Bukoba kuna kijiji cha Nyakatoke. Kilipochunguzwa mwaka 2000 kilikuwa na kaya 119, na mtafiti Joachim De Weerdt hakuchukua sampuli: kila mtu mzima wa kijiji kizima aliulizwa, "Ukipatwa na shida, ni nani unayemtegemea, na ni nani anayekutegemea wewe?" Majibu yakachorwa kama ramani ya nani ameshikana na nani. Ramani ile ilionyesha kitu ambacho sisi tunaokumbuka kijiji kwa upendo tunakisahau. Watu hawakushikana na kila mtu. Walishikana na ndugu, na jirani wa karibu, na wa ukoo wao, na wa dini yao. Na kaya maskini zilikuwa na watu wachache wa kuwategemea kuliko kaya zenye uwezo. Ule umoja unaoukumbuka ulikuwapo kweli, lakini hata kijijini kulikuwa na watu waliokaa pembeni yake, na wengi wao walikuwa wale waliouhitaji zaidi.

Nakueleza hili kwa sababu lina maana kwa mtaa wenu. Ukijaribu kuhamisha Kagera kwenda Chanika utashindwa, kwani kilichoshikilia kijiji chenu ni ukoo, na migomba iliyopandwa na babu, na hakika kwamba watoto wako wataishi na watoto wa jirani. Chanika haina hata kimoja cha hivyo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Hao milioni moja walioongezeka, pamoja na wengi waliohama kutoka katikati ya jiji, wameelekea pembezoni: Chanika, Goba, Bunju, Mbagala na kuvuka hadi Pwani. Mtaa kama wenu umejaa watu ambao hakuna aliyemkuta mwenzake pale. Kila mmoja alinunua kiwanja peke yake, akajenga polepole peke yake, akavuta maji na umeme peke yake. Mtu aliyezoea kuyamaliza matatizo yake hivyo haoni haraka kwa nini lile la njia alimalize na wengine.

Hapa ndipo kundi kama VICOBA linapotufundisha, maana nalo mara nyingi hukusanya watu wasio ndugu. Mfano wake ulianzia Niger mwaka 1991, katika eneo la Maradi, kwa vikundi vya akina mama vilivyosaidiwa na shirika la CARE, ukafika Zanzibar na Bara kwenye miaka ya 2000. Ukikaa kwenye kikao chao, angalia sanduku. Lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, ambao hakuna hata mmoja kati yao anayekaa na sanduku lenyewe nyumbani. Linafunguliwa mbele ya wote. Kila mwanachama anaitwa kwa namba, anakuja na kitabu chake, anaweka pesa hadharani, mhesabu pesa anahesabu kwa sauti, mwenzake anarudia kuhesabu. Aliyechelewa anatoa faini papo hapo, hata kama ni mwenyekiti. Kabla ya kufunga, kiasi kilichobaki kinatangazwa na watu wanaambiwa wakishike kichwani. Kikao kijacho kinaanza kwa kuwauliza kilikuwa kiasi gani.

Utaratibu huo haumwombi mtu aamini chochote. Unampa macho na masikio ya kuona kila shilingi. Baada ya mzunguko mmoja, pesa zikagawanywa na kila mmoja akapata chake, imani imekuja yenyewe, na watu wale huanza kutembeleana wakiwa na wagonjwa, kusindikizana hospitali, kudhaminiana. Nimeona hivyo mara nyingi kiasi kwamba nikiulizwa kipi kinachojenga mtaji wa kijamii kuliko vyote, jibu langu ni hesabu iliyo wazi, ikirudiwa kwa ratiba isiyobadilika. Serikali nayo imevitambua vikundi hivi: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka daraja la nne la watoa huduma hizo na kuvitaka visajiliwe.

Lakini hesabu peke yake haielezi yote. Mtaa hauishi peke yake. Uko ndani ya nchi yenye historia yake, na dola inaweza kuujenga au kuuvunja. Mfano ulio bora kabisa ninaoujua ni wa wilaya mbili zisizo mbali sana, Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania, zilizolinganishwa na Edward Miguel katika kazi iliyotoka mwaka 2004. Zote mbili ni za vijijini, zote zina watu wa makabila kadhaa. Kule Busia, maeneo yenye mchanganyiko wa kawaida wa makabila yalichangia shule za msingi pungufu kwa takriban robo, ukilinganisha na maeneo ya kabila moja. Meatu, mchanganyiko haukuleta tofauti yoyote ya maana. Miguel alieleza kwa siasa za tangu uhuru: Tanzania ilisukuma Kiswahili kiwe lugha ya wote, ikafundisha utaifa shuleni, ikaondoa machifu na kujenga vyombo vya vijiji vilivyochaguliwa, ilhali Kenya ya wakati ule iliacha ukabila uendeshe siasa na mgawo wa rasilimali.

Kitu kimoja kuhusu Busia hakipaswi kupita hivihivi. Miguel na Mary Kay Gugerty walipopitia kumbukumbu za vikao vya kamati za shule, waligundua kwamba penye mchanganyiko mkubwa wa makabila, wazazi wasiochanga walionywa na kuwekewa vikwazo kwa nadra zaidi. Kumbe chuki ya waziwazi si lazima iwepo. Watu wanaona aibu kumdai mtu wa kabila jingine, kwa sababu hawana mjomba wa pamoja wa kumtuma wala mzee wa kuwasikiliza wote wawili. Mchango unakufa kwa kukosa mtu wa kudai. Nadhani hilo ndilo lililowapata na ninyi Chanika, ila kwenu kinachotenganisha ni ugeni na ukuta wa nyumba.

Nisiipambe Tanzania kupita kiasi. Dola hiyohiyo iliyojenga utaifa, kati ya 1973 na 1976 iliwahamisha mamilioni ya watu kwenye vijiji vya pamoja, wengi wao kwa nguvu. Usukumani watu walihamishwa mbali na ngitili zao, yaani malisho ambayo wenyeji huyafunga wakati wa mvua ili nyasi ziwepo wakati wa kiangazi. Ngitili ilikuwa inalindwa na makubaliano ya watu wanaofahamiana. Watu walipotawanywa, makubaliano nayo yakalegea, na Shinyanga ikafikia kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na safari hii ikaacha wenyeji waamue wapi pafungwe. Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, likatoa hukumu na faini, na sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, wakalinda. Kutoka mabaki ya hekta mia kadhaa, ngitili zilirudi hadi kupita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ardhi ilikuwa ileile na watu walikuwa walewale. Walichorudishiwa ni haki ya kupanga na kuadhibu wenyewe.

Ninyi wa mtaa mna kikwazo hapo ambacho wanakijiji hawana, na mwenyekiti wenu hastahili lawama kwacho. Kwa mujibu wa sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, halmashauri ya kijiji inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na kutunga sheria ndogo zinazothibitishwa na halmashauri ya wilaya. Mtaa wa mjini hauna nguvu hizo. Mwenyekiti anaandika barua za utambulisho, anasuluhisha, anaitisha mkutano, lakini hawezi kumtoza faini asiyechanga. Kwa hiyo nguvu pekee mliyo nayo ni ile ya watu kujuana na kuoneana aibu, na ndiyo maana ni lazima muitengeneze kwa makusudi.

Mtaitengenezea wapi? Msibani. Hata kwenye mtaa wenye mageti marefu, msiba hufungua geti. Nakushauri mjiunge, au muanzishe kama hakipo, kikundi cha kufa na kuzikana cha njia yenu. Kiwe kidogo, cha nyumba ishirini au thelathini zinazotumia njia hiyohiyo, kwa sababu mtaa mzima ni mkubwa mno kwa watu kukumbukana. Kinunue turubai, viti na sufuria kubwa mbili. Vitu hivyo vinazunguka, vinahesabiwa vikirudi, vinamfanya kila mmoja aingie uani kwa mwenzake. Kiwe na daftari la msiba linalosomwa kwa sauti. Na watani wapeni nafasi yao. Tanzania tuna hazina ya utani kati ya makabila, mwingine uliozaliwa na vita kama wa Wahehe na Wangoni, mwingine na misafara ya biashara kama wa Wanyamwezi na Wazaramo. Mtani ana ruhusa ya kumdai mtu hadharani huku watu wakicheka, jambo ambalo mwenyekiti hawezi kulifanya bila ugomvi. Mahali pasipo na mjomba wa pamoja, mtani anatosha.

Tahadhari mbili kabla sijafika kwa wapangaji. Ya kwanza: watu walioshikana sana wanaweza kumwumiza mtu kwa pamoja. Sungusungu, walioibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, walirudisha usalama, lakini baadhi ya maeneo waliwafukuza na kuwaadhibu watu waliotuhumiwa uchawi, wengi wao wanawake wazee. Ulinzi wa mtaa ukianza kumwonea mgeni au mama anayeishi peke yake, usiuite umoja. Ya pili inatoka Nyakatoke: viwango vya mchango vikipanda, maskini hujitoa kimyakimya, wala hatakwambia sababu. Ruhusuni nguvu kazi ihesabiwe kama pesa. Anayechimba mtaro Jumamosi asubuhi aandikwe kwenye daftari lilelile, kwenye safu ileile, na jina lake lisomwe pamoja na la aliyetoa laki.

Kuhusu wapangaji, sioni haki wala faida ya kuwadai kalvati kama wenye nyumba. Kalvati litapandisha thamani ya kiwanja, na kiwanja si chao. Anayekodi chumba anaweza kuongezewa kodi mwezi ujao kwa sababu njia imekuwa nzuri. Mchango wa ujenzi utozwe kwa nyumba na adaiwe mwenye nyumba, hata kama anaishi Mwanza au Muscat. Namba yake mpangaji anayo. Lakini msiba, taka na ulinzi ni vya kila anayelala pale, na humo mpangaji aingie kwa jina lake mwenyewe tangu mwezi wa kwanza. Mwacheni apewe kazi pia. Mahali pengi wapangaji huitwa kutoa tu, hawaitwi kusimamia, halafu wanasemwa hawajali. Mkiwa na sanduku la kufuli tatu, ufunguo mmoja ashike mpangaji. Akihama, anaukabidhi mbele ya kikao, na hesabu inasomwa upya siku hiyo.

Kalvati liacheni kwa sasa. Mvua zikikatika, anzeni na kitu ambacho hakiwezi kushindikana: mtaro wa mita hamsini, Jumamosi mbili, daftari moja, mapato na matumizi yabandikwe kwenye duka ambalo kila mtu hununua vocha na mkate. Kutaneni tena mwezi unaofuata hata kama hamna pesa ya kuhesabu. Vuli zikija Oktoba mtaona maji yanapita wapi, na hapo mpeni fundi apime kalvati, bei yake isomwe mbele ya kikao, kila nyumba itamke ahadi yake kwa mdomo wake. Kati ya Novemba na Februari kuna miezi minne ya kulipa kidogokidogo kabla masika hayajaanza Machi. Na kama kwenye njia yenu kuna mtu aliyewahi kuwa katibu wa kamati ya harusi na watu wakamwogopa kwa simu zake, mpeni daftari huyo.